Kabla hujaamini giza la kichupa

Juzi kijana aliye kwenye mafunzo kwetu alikuja anacheka: kijito kinachotoka machimbo madogo ya dhahabu na kupita nyuma ya korona ya mkonge, yaani kiwanda cha kukamua majani yake kupata nyuzi, hakina zebaki. Bakteria wetu wa kupimia zebaki, wanaotoa mwanga wakiikuta, hawakuwaka. Nikamwambia, "Mwanangu, rudi kwanza ukaangalie kama wako hai."

Kosa hilo nalijua. Nililifanya mwenyewe hapahapa Tanga, kaskazi imekaza.

Bakteria hawa wamepandikizwa vinasaba. Kimoja, merR, ni bawabu anayeitambua zebaki. Vingine, kundi la lux, hutengeneza mwanga. Zebaki ikiingia, bawabu hufungua, na kichupa huwaka kijanibuluu gizani.

Lux yangu ilitoka kwa Aliivibrio fischeri, bakteria wa baharini anayeishi mwilini mwa ngisi. Kimeng'enya chake hakipendi joto la zaidi ya nyuzi 30. Sasa chumba cha Tanga, Januari, umeme umekatika! Wiki mbili nzima niliandika "safi" kwenye daftari. Ukifanya kazi pwani, tafuta lux ya Photorhabdus luminescens. Hiyo hata nyuzi 37 inavumilia.

Halafu maji ya korona yenyewe yana vita. Utomvu wa mkonge una asidi, na makapi yanayooza hula oksijeni, ambayo bila hiyo lux haiwaki. Sawazisha asidi hadi pH, kipimo cha uasidi, ikaribie 7, kisha tikisa. Watu hudharau kutikisa. Nimewahi kuinua chupa nyeusi tii, nikaitingisha mara mbili, ukazuka utepe wa mwanga juu kabisa, pale povu linapogusa hewa.

Siku hizi kila sampuli naigawa vichupa vitatu. Cha kwanza hivyohivyo. Cha pili natia zebaki ya kipimo ninachokijua. Kisipowaka, huenda makapi yameishika zebaki isiwafikie bakteria, na hapo mashine ya maabara kubwa ndiyo itakayosema. Cha tatu naweka bakteria wanaowaka muda wote, zebaki iwepo isiwepo. Hicho kikizima, usithubutu kuandika "safi".

Na ukimaliza usiwamwage bakteria hao kwenye sinki, hata kama kibali cha kuwatumia unacho. Waue kwa otoklevu, chungu cha mvuke wenye shinikizo: nyuzi 121, dakika 20.

Kijana alirudi jioni, kicheko kimekwisha. Kichupa cha tatu kilikuwa giza totoro. Akauliza karatasi za pH ziko kabati gani.