Kusifiwa kwa Kusema Vizuri: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza kama meneja wako huko Marekani alikusifu au alikudharau alipokuita "articulate", yaani mtu anayejieleza vizuri, mbele ya wenzako, ulipomaliza kueleza ratiba mpya ya zamu za wauguzi. Nianze na neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini, articulus, yaani kiungo kidogo cha mwili. Ndiyo maana Georges Cuvier, mwanasayansi Mfaransa wa wanyama, alipowagawa wanyama katika makundi manne makuu, lile la wenye miili ya pingili, wakiwemo wadudu na nyungunyungu, likaitwa Articulata. Msemaji anayestahili neno hilo, basi, ni yule ambaye hoja zake zimeungana, kila moja ikiisukuma inayofuata, wala hakuna inayoning'inia peke yake.

Kwa maana hiyo ni sifa njema, nami ningependa kuishia hapo. Siwezi, kwa sababu namkumbuka babu yako katika ule mkutano wa kisima. Alieleza kwa Kiingereza kilichonyooka kwa nini pampu isifungwe bondeni, ambako maji ya mvua huteremka na uchafu wote wa mtaa, na mgeni wa wafadhili akasimama kumpongeza kwa neno hilohilo, watu wakapiga makofi, kisha akafungua ajenda nyingine. Pampu ikafungwa bondeni. Makofi yale yananiuma hadi leo, kwa maana nimesema siku zote, na narudia: anayekusikiliza hujibu hoja yako.

Huenda namwonea mgeni yule. Pengine alitafuta neno la adabu akapata hilo tu. Hata hivyo, mwaka 2007 Joe Biden alipomwelezea Barack Obama kwa neno hilo, Wamarekani weusi wengi walikereka, kwa kuwa walikwisha kulisikia mara nyingi likibeba mshangao: kumbe na huyu anaweza kujieleza! Obama aliwataja Jesse Jackson na Shirley Chisholm, Wamarekani weusi waliowania urais kabla yake, akasema hakuna ambaye angewaita watu wasiojua kusema.

Kuhusu meneja wako ninalo la kusema, na ulimi unaniwasha, ila sikuwapo, wala hukuniandikia kilichofuata. Baada ya kukusifu, alisema nini juu ya ratiba yako?

Ni mimi mama yako.