Jibu: Mbwa wa kuchunga akifa, usubiri hadi lini?

Pole sana ndugu. Umeuliza kama ni kumsaliti marehemu ukileta mbwa mwingine kabla mwezi haujaisha. Mimi nasema hapana, kondoo hawasubiri matanga yaishe. Ila usimlete ukitegemea atakuwa yule yule.

Wangu nilikaa naye miaka 12. Uzeeni masikio yaligoma, hasikii tena filimbi, nikawa namwelekeza kwa mkono. Kila hatua chache anageuka kunitazama, kisha anazunguka kundi kwa mbali, tumbo karibu liguse majani. Hakuwahi kumjeruhi kondoo hata mmoja. (Mimi aliniuma mara mbili, na nilistahili.) Siku ya mwisho hakuweza kusimama, lakini kundi lilipopita mbele yake aliinamisha kichwa na kukaza macho, kana kwamba yuko kazini.

Mdogo niliyemleta baadaye nilimwacha akomae kwanza ndipo nikampa kundi. Akigongwa na kondoo mkali angali mchanga, anaweza kuwaogopa moja kwa moja. Na usimpe jina la marehemu. Mimi nilimpa, na kila nikimwita nilijikuta natazama kule alikozoea kutokea yule mzee.