Umeokoka, ila mkeka wa kubeti bado unakurudisha

Bwana Yesu asifiwe, ndugu yangu. Unauliza kwa nini umeokoka miaka 2 sasa, na bado kila Jumamosi unabeti, Jumapili unatubu kwa machozi. Usiseme wokovu wako ni wa bandia. Soma Warumi 6 yote, taratibu. Mstari wa 11 unakutaka ujihesabu mfu kwa dhambi. Wa 13 unakataza kuitolea viungo vyako. Wengi wanaishia kwenye 11. Wanatubu kweli, lakini kidole gumba kinabaki palepale kwenye simu, na daladala ya Mbagala ikikwama kwenye foleni, mkeka unaandikwa upya.

Kwa hiyo leo kabla hujalala, funga akaunti yenyewe. Kufuta programu tu hakutoshi, akaunti inakungoja na salio lake. Zuia na namba zinazokutumia ofa. Mshahara ukiingia, mkabidhi mkeo kodi na ada siku hiyohiyo. Hapo ndipo pagumu, najua, maana deni ulilomficha litajulikana. Mwambie tu, kwa kiasi kamili, usipunguze hata elfu kumi. Yakobo 5:16 inatuagiza tuungamane dhambi na kuombeana.

Ukianguka tena usingoje Jumapili. Tubu hapohapo (1 Yohana 1:9), kisha mpigie mzee wa kanisa unayemwamini. Ukikaa na aibu peke yako, utaweka mkeka wa pili ili urudishe hela, na mara nyingi huo ndio unaomaliza mshahara.