Afande, zabuni haisomi vyeo

MUULIZE MZEE WA UGAVI

Swali:

Shikamoo Mzee wa Ugavi. Mimi ni sajenti mstaafu, umri miaka 52, nakaa Pongwe. Nimetumikia jeshi miaka 28, mingi nikiwa ghalani: vipuri vya magari, matairi, vilainishi. Tangu nivue gwanda naona wenzangu wanavyohangaika. Mmoja alinunua bodaboda tatu, leo hana hata moja. Mwingine kila akienda kwenye usaili akiulizwa alikuwa anafanya kazi gani anajibu "nilikuwa askari", basi, kanyamaza. Nimesikia Marekani na Uingereza serikali inazilipa kampuni ziwaandae wanajeshi wanaokaribia kutoka. Nataka kufungua kampuni ya kazi hiyo hapa Tanga niombe zabuni serikalini. Kuna kijana anataka 400,000 anisajili kwenye mfumo, na anasema nitaingia kwenye ile asilimia 30 ya makundi maalumu kwa kuwa ni mstaafu. Nimpe?

Jibu:

Marahaba, afande. Usimpe.

Nianze na hiyo asilimia 30, maana ndiyo chambo aliyokutegea. Fungu hilo la ununuzi wa umma limetengwa kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Mstaafu wa jeshi hakutajwa. Na mzee, kwa sera ya nchi hii, ni aliyefikisha miaka 60. Wewe una 52: ujana umekupita, na uzee bado hawajakupa, hata kama wajukuu wanakuita babu. Nadhani kijana wako kachanganya na mambo ya Marekani, ambako sheria inaiwekea serikali kuu lengo la kuzipa mikataba biashara za wanajeshi wa zamani walioumia kazini. Lilikuwa asilimia 3, mwaka 2024 likapandishwa hadi 5. La kule ni la kule.

Ulichosikia kuhusu hizo kampuni ni kweli. Uingereza, wizara yao ya ulinzi ilianza kuifanya kazi hiyo kwa ubia na kampuni iitwayo Right Management mwaka 1998. Marekani mpango wa aina hiyo ulianza kwa sheria ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sheria ya 2011 ikaufanya kuwa lazima kwa karibu kila anayetoka. Kwa kawaida askari anatakiwa aanze maandalizi siku 365 kabla ya kuondoka, na kila mwaka wanatoka watu kama 200,000. Warsha za kutafuta kazi ziko chini ya Wizara ya Kazi, na wakufunzi wanaletwa na mkandarasi. Lakini angalia mpangilio wake, afande. Sheria ilitangulia, fedha ikafuata, zabuni ikaja mwisho. Wewe unataka kuanzia mkiani.

Serikali hainunui wazo lako hata liwe zuri namna gani. Inanunua kilichomo kwenye mpango wake wa ununuzi wa mwaka, na mwaka wenyewe unaanza Julai 1. Kwa hiyo kabla hujalipia usajili wa kampuni BRELA, kaa na mjukuu mwenye simu nzuri, fungueni NeST, ndio huo mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, msome taasisi zinatangaza nini. Utakutana na mafunzo ya watumishi wanaokaribia kustaafu: walimu, wauguzi, watu wa halmashauri. Huo ndio mlango ulio wazi leo. Mwalimu wa Muheza anayetaka kutia kiinua mgongo chake chote kwenye daladala anahitaji kusikia habari ya bodaboda tatu za mwenzako, na ni nani wa kumsimulia kuliko wewe?

Kampuni bado, subiri. Kampuni iliyozaliwa jana ina uzoefu wa siku moja, na anayetathmini zabuni hajali kwamba mwenyewe ana miaka 28. Ila serikali huajiri pia mshauri elekezi mmoja mmoja, na huyo anapimwa kwa sifa zake mwenyewe. Hapo miaka yako inahesabika. Au ingia kama mkufunzi chini ya kampuni yenye jina, fanya kazi mbili tatu, omba barua ya kuthibitisha kila moja. Hizo barua zitunze kama hati ya shamba.

Sasa wasifu wako, maana hapa ndipo wenzako wengi wanapoangukia. Najua mtaandika "Sajenti, Ghala, miaka 28". Msomaji raia hapo haoni kitu. Zabuni haisomi vyeo. Andika hivi: "Nilipokea, nikahifadhi na kutoa vipuri na matairi, niliongoza wasaidizi kadhaa, nilihesabu mali kila mwisho wa mwezi na kulinganisha na leja." Idadi ya wasaidizi weka ya kweli. Kambi gani na magari mangapi, acha, hayo si ya kuandikwa. Na kama ulijifunza ufundi wa magari huko ndani bila cheti cha uraiani, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuupima ujuzi wa aina hiyo na kuurasimisha. Waambie na wenzako, pengine kitawafaa kuliko semina yako.

Kuhusu kujisajili kwenye mfumo: fanya mwenyewe, au mtu akuelekeze wewe ukiwa umeshika kompyuta. Atakayekufungulia akaunti ndiye atakayejua neno la siri, na siku mkigombana zabuni zako ziko mfukoni mwake. Kwanza hakikisha jina lako kwenye NIDA, TIN na benki ni lile lile, herufi kwa herufi. Nimemwona Ramadhani mmoja ambaye kwingine ni Ramadhan, kahangaika wiki tatu kwa herufi moja.

Na usiwasilishe siku ya mwisho. Mwaka 2009, enzi za bahasha, nilibeba zabuni ya sare za walinzi kwenda Dar. Basi likaharibika Segera, tukakaa chini ya mwembe tunakula machungwa. Nilifika saa nne na dakika kumi na moja, mwisho ulikuwa saa nne. Karani akanirudishia bahasha yangu na lakiri yake, hata hakuifungua. Tena alikuwa mtu wa kwetu, tumecheza mpira pamoja Makorora! Leo Segera haikuhusu, lakini mtandao nao huharibika njiani, na saa ya mfumo haina hata aibu ya kukutazama usoni.

Fedha: ofisi moja niliwahi kuidai miezi tisa. Usichukue kazi ambayo ukicheleweshewa malipo utauza nyumba.

Wasifu ukishaandika, niletee. Baada ya Alasiri huwa nipo kwenye kahawa, Ngamiani, Barabara ya 8. Uchapishe kwenye karatasi, simu sioni vizuri, na kalamu nyekundu ninayo.