Wodi Nzima Haiwezi Kupumua 20

Wiki iliyopita mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili aliniandikia: "Dada, nimechoka kutandika vitanda na kupima joto. Wenzetu wa utabibu wanaingia chumba cha upasuaji, sisi tunageuza wagonjwa na kumwaga mikojo. Nifanye nini na mimi nionekane?" Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha usingizi ukagoma. Jibu lenyewe ni hili.

Kwanza pole, mdogo wangu. Nilipochaguliwa chuo cha uuguzi, mjomba wangu mmoja alisema mbele ya wageni kwamba sasa ukoo umepata mmwaga makopo. Watu wakacheka. Mjomba huyohuyo alipopata kiharusi, aliyekuwa akimgeuza kila baada ya saa mbili ni mimi, na alitoka hospitali mgongo wake hauna hata mchubuko. Kunishukuru hajanishukuru. Sidai, nasimulia tu.

Miaka ya chuo nairuka, maana habari za ada na maharage ya bwenini mnazo zenu. Nianzie nilipoajiriwa: wodi ya wazazi, hospitali moja ya mkoa, zamu ya usiku, wauguzi wawili na kina mama wengi kuliko vitanda. Nilipopokea zamu nikafungua chati. Joto linatofautiana, presha zinatofautiana, mapigo yanatofautiana. Upumuaji sasa, yaani pumzi kwa dakika: 20, 20, 20, kuanzia kitanda cha kwanza mpaka cha ukutani. Walioko kazini wanacheka wakisoma hapa, kwa sababu hiyo 20 wanaijua. Haihesabiwi, inanakiliwa.

Kulikuwa na mama aliyejifungua kwa upasuaji siku mbili nyuma. Amekaa, ananyonyesha, anasema hajambo ila mwili mzito. Joto 37.6, presha 110/70. Nani angeshtuka? Nilimshika kifundo cha mkono kama ninayeendelea na mapigo, macho yangu kifuani kwake: pumzi 30 kwa dakika. Mapigo 118. Nikampigia daktari wa zamu, akasema mama kachoka, mwache alale. Baada ya robo saa nikahesabu upya: 32. Nikaandika kwenye faili saa, namba na niliyempigia, nikapiga tena. Safari hii sikueleza sana. "Daktari, naomba uje umwone." Akaja. Maambukizi ya kizazi yalikuwa yameanza kusambaa. Dawa za mshipa zikaanza usiku uleule, kesho yake akarudishwa chumba cha upasuaji, na hatimaye akaenda kwake na mtoto wake.

Asubuhi kwenye raundi, daktari bingwa alimsifu daktari wa zamu kwa kuwahi kugundua. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika faili. Basi, tuyaache.

Kwa nini pumzi ilisema kabla ya presha? Maambukizi yakikolea, mwili hudai oksijeni zaidi na asidi huongezeka kwenye damu, kwa hiyo mapafu huongeza kasi kufidia. Presha ya kijana hushikiliwa na mishipa inayojibana, na ikianza kushuka ujue muda mwingi umeshapotea. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Watoto wana hesabu yao: chini ya miezi 2, 60 au zaidi ni haraka; miezi 2 hadi 11, ni 50; mwaka mmoja hadi mitano, ni 40.

Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, pumzi moja iliyokupita imekuwa nne. Usimwambie mgonjwa unachohesabu, atabadilisha pumzi bila kutaka. Na hesabu dakika nzima, narudia, hata kama foleni ya wagonjwa inakusukuma mgongoni.

Hayo mengine unayoyadharau nayo yana macho. Unapomwogesha mgonjwa kitandani ndipo unapoiona ngozi ya kisigino, nyonga na chini ya kiuno, sehemu ambazo vidonda vya kulalia huanzia kama wekundu usiopotea ukibonyeza. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa, pasikie kama pana joto au pamekakamaa. Mkojo unaoumwaga, upime kwanza: mtu mzima anayetoa chini ya mililita 30 kwa saa anakuambia jambo kuhusu figo zake au damu inayozifikia. Kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, mikono isafishwe. Hilo la mikono mnalijua, tatizo ni kulifanya.

Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, tunamwimba Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, na taa yake ya kuzungukia wagonjwa usiku. Taa ni sawa, lakini alikuwa mtu wa hesabu: baada ya vita vya Crimea alichora michoro ya takwimu kuonyesha kwamba magonjwa yaliua askari wengi kuliko majeraha. Wakubwa walisikiliza kwa sababu alikuja na namba. Nyie vijana mnataka kusikilizwa mkiwa na glavu tupu.

Kuhusu kuonekana, mdogo wangu, huenda usionekane. Mimi niliwahi kuumia sana kwa hilo, na siku nyingine bado naumia. Lakini mwanafunzi anaruhusiwa kusema, ila aseme kwa mpangilio: mgonjwa ni nani, alifanyiwa nini, umepima nini na saa ngapi, unaomba nini. Mwambie muuguzi wa zamu, siyo rafiki yako wa darasani. Akikupuuza, pima tena, andika, umwambie tena. Akikupuuza mara ya pili, nenda kwa kiongozi wa wodi, hata kama yuko kwenye chai. Atakasirika. Mwache akasirike akiwa njiani kwenda kitandani kwa mgonjwa.