Usilipe hata awamu moja kabla hujaona cheti cha eksirei

Mleta uzi, hiyo hela iache benki. Unasema kuna mama wa Maskati anakuuzia shada la lulu "asili za Ghuba" kwa milioni 2 na laki 3, utalipa kwa awamu tatu kuanzia Jumamosi, umezijaribu kwa meno zikakwaruza, na sasa unauliza rangi gani itampendeza bibi harusi mweusi, utazitunzaje, na ukikwama mbele ya safari utaziuza shilingi ngapi. Nilipofika hapo kwenye meno nikashindwa kuendelea kusoma. Ndiyo yaliyonimaliza mimi.

Meno hayajui chaza kazaliwa wapi. Lulu ya baharini aliyoifuata mpiga mbizi na lulu ya kufugwa kwenye bwawa zote zimejengwa tabaka kwa tabaka na mnyama mwenye ganda, kwa hiyo zote zitakwaruza. Inayoteleza ni shanga ya kioo au plastiki iliyopakwa rangi. Meno yanakutenganishia lulu na shanga, basi. Yangekuwa maabara, panya wote wangekuwa masonara.

Mwaka 2019 nilikuwa Maskati kwa shangazi yangu. Muuzaji hakuwa na duka, alikuja nyumbani baada ya alasiri na kitambaa cheusi, akakikunjua juu ya zulia. Mimi sijawahi kupenda lulu iliyoviringana kama gololi. Napenda yenye kombo kidogo, rangi ya maziwa yaliyochemka yakashika utando. Akaniona ninavyozirudiarudia zile zenye kombo, akanishikia hapo hapo: "Umeona hazilingani? Hiyo ndiyo alama ya bahari, mwanangu. Za kufugwa zote zinatoka sawa kama tembe." Akanisimulia babu yake aliyepiga mbizi, shangazi akawa anaitikia, nikapewa moja niijaribu kwa meno. Ikakwaruza. Nikatoa riali 420, karibu milioni 2 na nusu za kwetu wakati ule. Ilikuwa hela ya mabati ya nyumba yangu, nikajiambia lulu ni akiba, bati linashika kutu.

Mvua za 2021 zikanikuta bila paa, nikalipeleka shada kwa sonara. Akakata uzi, akakipima kile kifungo cha dhahabu peke yake, lulu akaziweka kwenye kisahani pembeni kama mtu anayetoa kokwa. Akanitajia bei ya kifungo. Nikamwuliza, na lulu? Akaniambia, "Dada, hizi nitamwuzia nani?" Hakunidharau, ndivyo ilivyo. Sonara wengi huku wanajua kupima dhahabu, na lulu isiyo na karatasi hana pa kuipeleka.

Binamu yangu anaishi Manama, akazipeleka DANAT, taasisi ya lulu na vito iliyoanzishwa Bahrain mwaka 2017. Wenzetu wale hawachezi na lulu, biashara ya lulu za kufugwa kwao ni marufuku. Jibu likarudi: za kufugwa, tena za maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Hata bahari yenyewe hazijaiona. Ndipo nikaelewa. Kome wa maji baridi, ambao wengi wanafugwa China, kwa kawaida hawawekewi punje ngumu ndani, wanapandikizwa kipande kidogo cha nyama ya kome mwenzao. Lulu inakua bila kiini cha duara, kwa hiyo nyingi zinatoka na kombo. Kombo lile nililouziwa kama ushahidi wa bahari ni jambo la kila siku kwenye mabwawa, na kome mmoja anaweza kutoa lulu kwa makumi. Kilichozifichua ni mionzi, maana za maji baridi zina madini ya manganizi mengi kuliko za baharini, zinang'aa zikipigwa eksirei. Jicho halioni hilo, na jino ndiyo kabisa.

Nilimpigia yule muuzaji wangu wa Maskati. Akaniambia, "Lulu ni nia, mwanangu," akakata simu, na namba haikupatikana tena. Shangazi nimemsamehe, naye aliamini. Huyo sijamsamehe. Alijua anachouza, aliona ninachokipenda, akakifanya chambo. Na wanaopita kwenye nyuzi kama hizi wakiandika "ing'ate tu, ikikwaruza nunua" nawaomba waache. Hiyo nusu ya ukweli imekula paa langu.

Kwa hiyo neno "asili" usililipie senti bila cheti cha maabara kilichotokana na eksirei, chenye picha ya shada hilo hilo, idadi ya lulu na uzito wake. Hana? Mwambie gharama ya kupima utatoa wewe, zikithibitika unanunua siku hiyo hiyo. Mwenye mali ya kweli atakubali, maana lulu ya mwitu yenye cheti inapanda bei. Akianza hadithi za babu, funga mkoba.

Akikubali kukuuzia kwa bei ya lulu za kufugwa, hapo ni biashara nyingine na unaweza kuingia kwa amani. Angalia mng'aro kwanza kabla ya ukubwa: simama karibu na dirisha, tazama kama ukingo wa dirisha unaonekana mkali juu ya lulu au umefifia kama kwenye chaki. Chungulia tundu kwa lenzi, rangi ikiwa imekolea mdomoni mwa tundu kuliko kwingine basi zimetiwa rangi. Tazama kama kuna fundo kati ya lulu na lulu. Shada langu lina mng'aro mzuri, nalivaa kila Idi na napenda kombo lake mpaka leo. Uzuri wake ni wa kweli, ila haukuwa wa bei ya mabati.

Na kama moyo wako uko kwenye lulu ya baharini hasa, nenda Unguja upande wa Fumba, kina mama wanafuga chaza na kutoa lulu nusu, zile zinazoota zimeshikana na ganda. Ganda lenyewe utaonyeshwa. Nilimchukulia mama hereni za huko, zina buluu na kijani kama shingo ya njiwa, na aliyeniuzia hakutaja mpiga mbizi yeyote.

Mwandikie huyo mama sasa hivi, neno moja tu: cheti? Halafu utubandikie jibu lake hapa kabla ya Jumamosi. Mimi usiku nipo.