Muulize Fundi: Mpira wa filta ambao kiwandani hautengenezwi tena

Swali, kutoka Pangani

Shikamoo fundi. Nina boti ya uvuvi niliyoachiwa na baba, injini ni ya dizeli ya Kijapani, silinda moja, ya zamani sana. Filta yake ina kikombe cha kioo kinachobanwa kwa nati ya duara, na mpira wa kikombe hicho ulikuwa umechoka. Nimekwenda na namba ya kitabu hadi Dar, naambiwa spea hiyo haitoki tena, ninunue filta nzima ya kisasa. Niliporudi Tanga nikapata mpira unaofanana kabisa na wa zamani, nikaufunga. Dizeli haivuji hata tone, lakini injini inawaka dakika kumi kisha inazima. Nikitoa upepo kwenye njia ya mafuta inawaka tena. Nimeshabadilisha nozeli, wapi. Na kwa nini injini za wazee zilikaa miaka na mpira mmoja bila matatizo? Nimekutumia picha na vipimo.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nozeli ya watu iache, haina kosa.

Kilichokupoteza ni hilo la kutovuja. Tangi la boti yako liko chini ya injini, kwa hiyo mafuta hayashuki yenyewe, yanavutwa. Penye mwanya kwenye kikombe dizeli haina nguvu ya kutoka nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Ingekuwa tangi liko juu, kama kwenye mashine nyingi za kusaga, mwanya huohuo ungekumwagia mafuta sakafuni na ungeuona siku ya kwanza. Ukitaka kuhakikisha, weka kipande cha bomba la plastiki linalopitisha mwanga kati ya filta na pampu, washa injini, utazame. Ukiona mapovu yanapita, umeshajua.

Sasa vipimo vyako. Mfereji ambamo mpira unakaa una kina cha milimita 2.7 na upana wa 4.7, na ukingo wake wa ndani una kipenyo cha 45. Mpira wa zamani unene wake 2.8. Uliouziwa Tanga ni 2.6. Umeona? Mpira wa 2.6 ndani ya mfereji wa 2.7 umelala shimoni, kioo kinakaa juu yake bila kuugusa. Hata ungekaza nati mpaka kioo kipasuke (na usikaze hivyo, kaza kwa mkono tu) usingebana kitu.

Muuzaji simlaumu sana, alilinganisha na ulichompelekea. Lakini mpira uliokaa umebanwa miaka yote hiyo haukuambii tena ulizaliwa na unene gani. Ushalala. Ukiukata kwa wembe utaona hauna duara, una umbo la punje ya haragwe. Ndiyo maana mimi mpira wa zamani natazama tu kama una nyufa, kisha nauweka pembeni. Napima chuma. Chuma hakilali.

Oringi, yaani mpira wa duara kama huo wako, ikikaa mahali pasipozunguka inatakiwa ibanwe kati ya asilimia 15 na 30 hivi ya unene wake. Kwa mfereji wa 2.7, oringi ya 3.5 inabanwa kama asilimia 23. Hapo ni penyewe. Na upana wa 4.7 unaiachia nafasi ya kutanuka pembeni, maana mpira ukibanwa haupungui, unahamia kwingine.

Tena umebahatika, injini ni ya Kijapani. Wajapani wana orodha yao ya oringi, ile yenye herufi P, na unene wake ni 1.9, 2.4, 3.5, 5.7 na 8.4. Ndani ya orodha hiyo kuna P45: tundu 44.7, unene 3.5. Itavutika kidogo sana kuvaa ukingo wako wa 45, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukiikosa, kwenye orodha ya inchi ya Wamarekani kuna namba 224, tundu 44.04 na unene 3.53. Nayo itakaa.

Kwa hiyo ukienda dukani usitaje injini wala boti. Ukitaja injini utajibiwa habari za injini, kwamba ni ya zamani na haitoki tena. Oringi haijui imefungwa kwenye injini gani. Nenda kwa wale wanaotengeneza mabomba ya haidroliki ya makatapila, wana makasha ya oringi yaliyopangwa kwa saizi. Tanga wapo. Dar watafute Kariakoo, upande wa Gerezani. Sema hivi: "Nipe 44.7 kwa 3.5, NBR." Chukua nne, tatu uziweke kwenye bahasha ya khaki mbali na jua.

Hizo herufi NBR usizisahau, ni nusu ya kazi. Ni mpira wa naitraili, unaovumilia dizeli. Ukipata wenye herufi FKM, wengi wanauita Viton, huo ni bora zaidi na bei yake inajieleza. Ulioandikwa EPDM ukimbie, ni mzuri kwa maji na kwa mafuta ya breki, ila dizeli inauvimbisha. Mimi ujanani nilifunga mpira wa silinda ya breki kwenye filta ya trekta ya mzee mmoja, ulikaa saizi kama umetengenezewa pale. Siku ya tatu tulipofungua ulikuwa umevimba kama andazi, na mzee akanitazama bila kusema neno. Nilimrudishia hela yake.

Usipoona herufi yoyote, pima unene wa oringi kwa vernia, itupe kwenye chupa ya dizeli ikae siku mbili, upime tena. Ikiwa imenenepa na kulegea, rudisha dukani.

Umeniuliza pia kwa nini injini za wazee zilikaa miaka na mpira mmoja bila matatizo. Sehemu ya jibu iko kwenye dizeli yenyewe. Mwaka 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa ndogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Usafishaji wa kuondoa salfa hupunguza pia vitu fulani vilivyokuwa vikiufanya mpira uwe umevimba kidogo na kujaza mfereji wake. Mpira mzee wa naitraili ukibadilishiwa dizeli ya aina hiyo unaweza kusinyaa, na uliokuwa hauvuji ukaanza. Mpira mpya hauna shida hiyo.

Kabla ya kufunga, paka oringi dizeli isijikunje. Ukishafunga, toa upepo kuanzia filta kuelekea pampu, halafu uniandikie.

Swali, kutoka Voi

Fundi, trekta yangu ni Massey Ferguson 135. Nimeweka filta mpya ya CAV, mipira mipya ya ndani ya boksi nimeiweka yote iliyohitajika, lakini inavuja juu. Na mmoja umebaki.

Jibu

Uliobaki usikuhangaishe, boksi hilo huwa na mipira ya ziada kwa sababu vichwa vya filta hizo havifanani vyote. Tatizo liko juu. Pitisha kidole kwenye mfereji wa kichwa. Naweka dau mpira wa zamani bado umo, mweusi kwenye uchafu mweusi, na wewe umeweka mpya juu yake. Ung'oe kwa kijiti, usitumie bisibisi maana itakwaruza aluminiamu.

Swali, kutoka Kigoma

Naweza kukata sili ya filta kwa tyubu ya gari? Au nipake silikoni?

Jibu

Tyubu itavimba, lakini kama uko katikati ya ziwa na hakuna jingine, ikufikishe bandarini uitoe. Silikoni hapana. Dizeli inaimenya, na kipande kikivutwa kikaziba njia ya pampu, gharama yake utaijua mwenyewe.